Kupunguza Uzito Wakati Ratiba Haitulii: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Malindi

Jumatatu kipindi cha kwanza ni saa mbili asubuhi. Jumanne huna kipindi mpaka saa nane mchana. Kuanzia Jumatano uko kwenye mafunzo ya vitendo, na zamu ya kesho unaambiwa leo jioni: ya alfajiri inaanza saa kumi na mbili, ya jioni inakwisha saa tano usiku, ikiwa wageni hawakukawia mezani. Nilisomea upishi wa hoteli hapa Malindi, na hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yangu kwa miaka miwili. Niliingia chuoni na kilo 68. Mwaka wa pili ulipoanza, mizani ilisoma 81.

Miongozo ya kupunguza uzito niliyoipata yote ilianza kwa saa. Kula saa moja asubuhi, kula saa saba mchana, usile tena baada ya saa moja usiku. Saa moja asubuhi mimi ama nimelala fofofo baada ya zamu ya jioni, ama nimeshasimama jikoni saa nzima nikimenya mapapai ya wageni. Saa moja usiku ndio kazi imepamba moto. Nilijaribu kuzifuata saa zile, nikazikosa siku mbili, nikajiona sina msimamo, nikaacha. Baada ya mwezi nikaanza tena, nikaacha tena. Leo naona wazi kwamba ratiba zile ziliandikiwa mtu anayelala na kuamka wakati mmoja kila siku.

Hapa pwani tunaishi na watu wasiotegemea saa ya ukutani. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mvuvi aliyeteremsha chombo saa kumi alfajiri wiki hii, wiki ijayo saa hiyohiyo huenda akakikuta kimelala mchangani. Kwa hiyo anafuata maji. Nami nilipoacha kufuata saa, nikafuata kuamka kwangu, kazi yangu na kulala kwangu, ndipo uzito ulipoanza kushuka. Kilo 9 zilitoka kwa miezi minane. Ulikuwa mwendo wa taratibu, na hazijarudi.

Nitaeleza kwa mfuatano nilioufuata mimi. Usianze hatua tatu kwa siku moja. Kila hatua ipe wiki nzima, ikikaa ndipo uongeze nyingine.

Kabla hujaanza

Ikiwa una kisukari na unatumia dawa, una mimba, unanyonyesha, hujafika miaka 18, au umewahi kujinyima chakula mpaka ukaugua, usifuate mwongozo huu peke yako. Zungumza kwanza na daktari au mtaalamu wa lishe. Mtu anayetumia dawa za kisukari akipunguza chakula ghafla, sukari inaweza kushuka mwilini hadi akazimia.

Hatua ya 1: Jua unaanzia wapi

Pima uzito, urefu na kiuno. Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa urefu huohuo, kisha gawanya kilo zako kwa jibu ulilopata. Mimi nina mita 1.60. Mara 1.60 ni 2.56. Kilo 81 ukigawanya kwa 2.56 unapata karibu 31.6. Kwa mtu mzima, 18.5 hadi chini ya 25 ni uzito wa kawaida, 25 hadi chini ya 30 ni uzito uliozidi, na 30 kwenda juu ni unene wenye hatari kwa afya.

Kiuno kipime kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi. Mwanamke akifika sentimita 80 na mwanamume akifika 94, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo inaanza kupanda.

Ukijikuta chini ya 25 na kiuno chako hakijafika huko, mwili haukudai chochote, hata kama wenzako hostelini wanakutania. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona wasichana wembamba wakijinyima chakula kwa ajili ya picha za simu.

Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzito wako. Kwangu zilikuwa kilo 4. Mtu aliyezidi uzito akipunguza kiasi hicho tu, shinikizo la damu na sukari mara nyingi huanza kukaa vizuri. Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki. Wewe ambaye siku zako hazifanani, ridhika na nusu, na ikiwa robo, pokea robo.

Hatua ya 2: Andika wiki moja bila kubadilisha kitu

Chukua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kwa siku saba andika: niliamka saa ngapi, nilikula nini na wapi, nilikuwa na njaa kweli au la, nililala saa ngapi. Usijizuie wala usijipendekeze kwa daftari. Ulikula chipsi, andika chipsi.

Mimi niliamini nanenepa kwa sababu ya wali wa nazi wa mama. Daftari likaonyesha jambo jingine. Mezani nilikuwa nakula kawaida. Uzito ulikuwa unatoka sehemu tatu nilizokuwa sizihesabu: kuonja jikoni, kijiko baada ya kijiko kwa saa nane, zile saa mbili kati ya darasa na zamu ambazo nilikaa na rafiki zangu tukila viazi karai na soda, na chipsi za saa tano usiku nilizonunua nikitoka kazini, kwa sababu tangu saa saba mchana nilikuwa sijakaa chini nikala.

La tatu ndilo lililozaa yale mengine. Mtu asiyekula kwa utaratibu mchana hulipa deni lake usiku, na usiku kilicho wazi ni karai la mafuta.

Hatua ya 3: Tia nanga

Hii ndiyo hatua niliyoitaka nilipoanza kuandika. Ukiipata hii, nyingine zote ni nyongeza.

Nanga ni jambo linalotokea kila siku hata kama saa yake inabadilika. Mwanafunzi yeyote, awe wa hoteli, wa uuguzi au wa ualimu, anazo tatu: anaamka, anaingia kwenye kipande kirefu cha kazi au masomo, na analala. Milo yako ifunge kwenye hayo.

Ukiamka, kula ndani ya saa mbili, iwe ni alfajiri au adhuhuri. Mlo huu uwe na kitu cha kujenga mwili: mayai, mbaazi, pojo, samaki aliyebaki jana ikiwa alihifadhiwa kwenye friji, maziwa ya mtindi. Chakula cha namna hiyo kinakaa tumboni muda mrefu kuliko chai na mkate mtupu.

Kabla ya kipande kirefu, saa moja au mbili kabla, kula sahani kamili. Huu ndio mlo wako mkubwa wa siku. Kama zamu inaanza saa tisa alasiri, ni saa saba. Kama unaingia saa kumi na mbili alfajiri na tumbo halikubali sahani saa kumi na moja, basi kula kidogo ukiamka, na sahani kamili ihame: iliwe mara tu unapotoka saa nane mchana, kabla hujapita kwenye vibanda.

Kabla ya kulala, ikiwa una njaa, kula chepesi, na uache saa moja au zaidi kabla ya kujilaza. Ikiwa huna njaa, lala.

Kati ya nanga na nanga usipitishe zaidi ya saa tano bila kitu, isipokuwa umelala au umefunga. Ukiona pengo linazidi, hapo ndipo mfuko wa vyakula vya kubeba, wa hatua ya 6, unapofanya kazi.

Wanaofanya zamu ya usiku kucha, kama wenzangu wa uuguzi, wana jambo moja la ziada. Mwili huishughulikia sukari vibaya zaidi usiku kuliko mchana. Sahani kamili iliwe kabla ya kuingia zamu. Saa sita au saba usiku kula kitu kidogo: yai, tunda, kikombe cha uji usio na sukari nyingi. Asubuhi ukirudi, kula chepesi kisha ulale. Wengi wanakosea hapo. Wanapitia mahamri manne na chai ya maziwa, wanalala yakiwa yamejaa tumboni, wanaamka adhuhuri wamechoka.

Kabla sijalijua hili nilijaribu njia ya mkato: siku tatu za maji ya ndimu na matango. Siku ya pili nilizirai jikoni nikiwa nimeshika sufuria. Mungu alijalia ilikuwa tupu. Mpishi aliyekuwa karibu alinikalisha chini, akaniuliza, "Dada, leo umekula nini?" Nikashindwa kumjibu. Kazi ya kusimama karibu na moto, katika joto hili letu, haivumilii tumbo tupu. Na kilo mbili nilizodhani nimezipoteza zilikuwa maji, zikarudi kabla ya Ijumaa.

Hatua ya 4: Panga upya sahani

Huhitaji chakula cha kigeni. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe sima, wali, chapati au muhogo, robo iliyobaki iwe samaki, nyama, mayai au jamii ya kunde. Sahani ya mwanafunzi wa kwetu kwa kawaida imegeuzwa: wali umejaa pomoni, mchicha vijiko viwili pembeni kama pambo. Igeuze. Mchicha, matembele, kisamvu, mnavu, mchunga, bamia, biringanya na kabichi ni vya bei ndogo sokoni, na ukienda jioni wauzaji wakikaribia kufunga, fungu linakuwa kubwa zaidi.

Sasa nazi. Najua ushauri wa kwanza utakaopewa ni uache nazi, na mimi siukubali. Mtu wa pwani ukimwambia aache nazi, ataacha mwongozo. Lakini yafaa ujue unachokimimina. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wanga na protini zina 4. Kasimile, lile tui zito la kwanza, ndilo lililobeba mafuta mengi, na mengi yake ni ya aina inayofaa kuliwa kwa kiasi kwa ajili ya moyo. Tui la pili ni jepesi. Pikia mchuzi, mbaazi au mboga kwa tui la pili, kisha mwisho kabisa, ukikaribia kuepua, tia vijiko viwili vya kasimile kwa ajili ya harufu. Ladha ya nazi inakaa juu, ulimi unaipokea mwanzo. Nimempikia mama hivyo bila kumwambia, akasifu mchuzi.

Wali wa nazi uwe wa siku moja au mbili kwa wiki. Siku nyingine wali mweupe kwa mchuzi wenye tui la pili. Wali wa nazi kwa mchuzi wa nazi ni nazi mara mbili.

Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko. Kijiko kimoja cha mezani kina takriban kalori 120, na ule mkono wa kumimina kutoka kwenye dumu humimina vijiko vitano bila kujijua. Nusu kilo kwa wiki inataka upungufu wa karibu kalori 500 kwa siku, kwa hiyo vijiko viwili tu vikipungua kwenye chakula chako, umeshafika karibu nusu ya njia.

Mahamri sikuyaacha. Nilitoka manne nikaja mawili, na mbaazi nikaziongeza, kwa sababu mbaazi zinashibisha na zina ufumwele. Samaki wa kuchoma au wa kupaka ni bora kuliko wa kukaanga. Wakati wa kusi bahari inapochafuka na samaki kuadimika, usilazimishe mfuko: pojo, kunde na mbaazi zinafanya kazi ileile.

Hatua ya 5: Chai

Vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku: vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, ni bora zaidi. Soda ya mililita 300 peke yake mara nyingi ina zaidi ya gramu 30.

Punguza nusu kijiko kila wiki. Usikate ghafla, kwa sababu utarudia. Tangawizi, iliki na mdalasini zinausaidia ulimi kuisahau sukari, na chai ya rangi yenye tangawizi ilinivusha miezi miwili ya mwanzo. Dafu si maji matupu, lakini lina sukari kidogo kuliko soda, na siku ya jua kali ni kinywaji kizuri. Juisi ya ukwaju au ya embe ikitiwa sukari ni soda nyingine. Kula embe lenyewe.

Hatua ya 6: Mfuko wa kubeba

Utaambiwa upike Jumapili chakula cha wiki nzima, ukigawe kwenye vyombo. Ushauri huo una maana kwa mwenye friji. Chumba changu kilikuwa na mtungi wa gesi, kitanda na dirisha, na kwa joto la Malindi chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa mbili. Cha nazi ndicho kinachowahi kuchacha. Nimemwona mwenzangu akilazwa kwa wali wa jana.

Kwa hiyo beba vikavu au vyenye ganda: mayai mawili ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, yaliyochemshwa kabla tu ya kutoka na kuliwa ndani ya zile saa mbili, ndizi, chungwa, njugu za kukaanga bila mafuta, konzi moja, kiazi kitamu au kipande cha muhogo uliochemshwa kabla tu ya kutoka, uliwe nao ndani ya saa mbili. Na chupa ya maji. Mara nyingi nilichokiita njaa saa kumi jioni kilikuwa kiu.

Mfuko uandae jioni ileile unapoambiwa zamu ya kesho, vya kuchemsha tu ndivyo visubiri siku yenyewe. Ukiuacha wote mpaka asubuhi, hutauandaa.

Kwa wanaofanya kazi jikoni: onja kwa kijiko kidogo cha chai, na kila unachoonja zaidi ya hapo kitie kwenye daftari. Kutafuna bila kufikiri kulinipungua kwa sababu ya kuandika tu. Na chakula cha wafanyakazi kinapoletwa, chukua sahani moja, keti, kula mpaka umalize. Chakula kinacholiwa kwa kusimama tumbo hukipokea, moyo haukikumbuki.

Hatua ya 7: Saa tano usiku

Umetoka kazini, umechoka, tuktuk inakupitisha mbele ya vibanda na harufu imekuita. Ikiwa nanga ya pili ulikula na mfuko ulikuwa nao, njaa hii itakuwa ndogo. Lakini zipo siku zitakazokushinda, basi jua la kuchagua. Mishikaki miwili na kachumbari nyingi inashinda chipsi. Supu ya pweza inashinda sambusa. Yai la kuchemsha lenye kachumbari na pilipili ni chakula cha heshima kabisa. Muhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili ni bora kuliko wa kukaanga. Ukila chipsi, kula nusu sahani na rafiki, na kesho endelea na nanga yako ya kuamka kama kawaida, bila kujinyima kwa kulipiza.

Hatua ya 8: Usingizi

Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Anayelala pungufu hupata njaa zaidi, hasa ya vitu vitamu na vya mafuta, na huo si ulegevu wa tabia. Ni mwili unaotafuta nguvu upande mwingine.

Usipozipata saa 7 mfululizo, zigawe. Kulala kwa saa tano za usiku na mbili za kailula mchana ni bora kuliko tano tupu. Chumba cha bati mchana kinakuwa tanuri, kwa hiyo tafuta kulala kabla ya saa sita mchana, funika dirisha kwa kanga nzito, washa feni kama ipo, zima simu. Baada ya zamu ya jioni nilikuwa naingia kitandani na simu mpaka saa nane usiku. Nilipoiacha juu ya kabati, nilipata saa moja na nusu ya usingizi bila kubadilisha kitu kingine.

Na nitasema wazi: usitafune muguka au miraa ili ukeshe na kuua njaa. Inakata usingizi, inakausha kinywa unaishia kwenye soda, na ikikutoka unakula bila kipimo. Vilevile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni. Nyingi kazi yake ni kuharisha. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, mafuta yamebaki palepale.

Hatua ya 9: Tembea

Dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka zinatosha kuanzia, na si lazima ziwe nusu saa kila siku. Dakika 10 mara tatu zinahesabiwa. Siku ya darasa tu niliteremka tuktuk kabla ya kufika, nikamalizia kwa miguu. Siku ya mapumziko nilitembea na rafiki yangu kutoka Jeti hadi mnara wa Vasco da Gama, na maji yakiwa yamepwa tuliteremka ufuoni, tukaendelea kuelekea Silversands. Mchanga mlaini unachosha miguu kuliko lami, ndiyo faida yake. Tulivaa mabuibui yetu na raba, na hakuna aliyetushangaa. Nenda alfajiri kukipambazuka au jioni kabla ya magharibi, na usiende peke yako gizani.

Siku za zamu huna haja ya kutembea zaidi. Umeshasimama kwa saa nane nzima. Ukipata nafasi, fanya mara mbili kwa wiki mazoezi ya nguvu chumbani: kuchuchumaa na kuinuka mara 10, kusukuma ukuta mara 10, urudie mara tatu. Bila hayo sehemu ya kilo zinazotoka huwa ni misuli.

Hatua ya 10: Nyumbani, harusini na Ramadhani

Mama yangu alipoona napakua kidogo aliniuliza, "Unaumwa, mwanangu?" Mama mdogo akaongeza kwamba nimekonda mpaka sina uso. Kubishana hakufai, wala kusema sahani ya mama inanenepesha. Nilimwambia, "Mama, siumwi, daktari amenambia nipunguze mafuta, niombee." Neno daktari lilifanya kazi ambayo maelezo yangu yasingefanya, na halikuwa uongo, maana nilikuwa nimeshapima. Kisha nikaomba niwe napika mimi siku nilizopo. Ukishika mwiko, umeshika kijiko cha mafuta.

Harusini kula biriani. Pakua sahani moja, acha soda, kaa mbali na sinia la halua. Siku moja haijamnenepesha mtu. Ni wiki ya mabaki inayofuata.

Ramadhani nanga zako zinakuwa mbili, futari na daku. Futuru kwa tende na maji, pumzika uswali, kisha kula sahani ileile ya hatua ya 4. Kaimati, sambusa na viazi karai chagua kimoja kwa siku. Daku usiiache: uji wa nafaka, mayai, mbaazi na maji ya kutosha ndivyo vitakavyokusimamisha mpaka alasiri. Usitafute kupungua haraka mwezi huo. Ukimaliza uzito ukiwa palepale, umefanya vizuri.

Hatua ya 11: Kupima na kurekebisha

Uzito hupanda na kushuka kilo 1 au 2 kwa siku kwa sababu ya maji, chumvi, na kwa wanawake siku za hedhi. Pima mara moja kwa wiki, mizani ileile, baada ya usingizi wako mrefu zaidi wa wiki, ukishatoka msalani na kabla hujala. Kiuno kipime mara moja kwa wiki mbili.

Ukianza kuona kizunguzungu, nywele zikitoka kwa wingi, hedhi ikikatika, au fikra za chakula zikakunyima kusoma, acha kupunguza, kula milo yako yote na umwone daktari.

Wiki nne zikipita na mizani haijashuka wala kiuno hakijapungua, rudi kwenye hatua ya 2. Andika tena siku saba kamili, kila kitu. Mwezi wa tano mimi nilisimama palepale, nikadhani mwili umegoma. Daftari likaonyesha korosho: nilikuwa nabeba mfuko wa robo kilo kwenye aproni, nikitafuna zamu nzima kwa kuwa nilisikia ni nzuri kwa afya. Ni nzuri, konzi moja. Nikawa nahesabu konzi moja asubuhi, naiweka kwenye kichupa, mfuko naacha nyumbani.